Mwalimu Ronald Ngala, Mtoto wa Shule na wa Jamii

Tulipokubaliana kwamba kijitabu hiki cha jubilei kiwe na maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa kwetu, tulimchagua marehemu Ronald Gideon Ngala. Vijana wetu wengi wanalijua jina lake kama jina la barabara ya Nairobi, au la chuo cha utalii kule Vipingo. Hawajui kwamba aliianza kazi yake akiwa ameshika chaki.

Alizaliwa mwaka 1923 hivi, upande wa Kaloleni, nchi ya minazi. Alisoma shule ya misheni pale Kaloleni. Siku hizo mzazi wa Kigiriama aliyemtoa mtoto shuleni alikuwa anapoteza mchungaji wa mbuzi na mkono wa shambani, na faida yake haikuonekana karibu. Kijana akaendelea mpaka Alliance, Kikuyu, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa, kwenye baridi asiyoizoea mtu wa Pwani.

Alliance ilianzishwa mwaka 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoungana. Kuanzia mwaka 1940 mkuu wake alikuwa Carey Francis, Mwingereza aliyeacha kufundisha hesabu Chuo Kikuu cha Cambridge akaja Kenya. Alikuwa mkali, na siasa hakupenda wanafunzi wake waziingie. Hata hivyo mikononi mwake walipita wengi walioiongoza Kenya baada ya uhuru. Aliyowapa ni kutunza saa, kusema kweli na kutoogopa kazi. Alipostaafu Alliance mwaka 1962 hakurudi kwao kupumzika, bali alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, mpaka kufa kwake mwaka 1966. Sisi tuliosomea ualimu tukikumbuka hilo, tunaona haya kulalamikia uhamisho.

Kutoka hapo Ngala alikwenda Makerere, Uganda, akapata stashahada ya ualimu. Akafundisha na kuongoza shule, Mbale kule Taita na baadaye Buxton mjini Mombasa.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipita haraka, nasi tunataka kusimama hapo. Mwaka 1949, akiwa bado kijana, alichapisha kitabu kwa Kiswahili, Nchi na Desturi za Wagiriama. Wakati ule wasomi wengi wa misheni walifundishwa kuyaona mambo ya kaya kama giza la kuachwa nyuma. Yeye alirudi na kalamu aliyopewa shuleni, akayaandika ya kwao. Kwa maoni yetu, hapo ndipo unapoona kwamba mtoto huyu alikuwa na walimu wa aina mbili: wale wa darasani, na wazee ambao hawakuwahi kushika kitabu.

Machi 1957 Waafrika walichagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 kwa nchi nzima, na Ngala akapata cha Pwani. Tukumbuke kwamba si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura. Serikali ya kikoloni ilipima elimu, mapato na utumishi, na wengine walipewa mpaka kura 3. Basi wapiga kura wengi walikuwa watu waliopitia shule, na mwalimu alikuwa mtu wanayemjua. Katika wale 8, Ngala, Moi, Odinga, Muliro na Mate wote walikuwa wamewahi kuwa walimu.

Mwaka 1960 aliongoza chama cha KADU, kilichohofia makabila madogo yasimezwe na makubwa, kikadai majimbo. Mwaka 1961 akawa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni. Katiba ya mwaka 1963 ilikuja na mabaraza ya majimbo, naye akawa rais wa lile la Pwani. Lakini Novemba 1964 KADU ilivunjwa, wakajiunga na KANU. Wako wazee ambao mpaka leo hawajamsamehe kwa hilo, na wako wanaosema aliepusha damu. Sisi hatutaamua kesi hiyo hapa.

Alikuwa waziri alipopata ajali ya gari katika barabara ya Mombasa na Nairobi, karibu na Konza, Desemba 1972. Ilielezwa kwamba nyuki waliingia garini. Watu wengi wa Pwani hawakuridhika na maelezo hayo. Akafariki tarehe 25, siku ya Krismasi.

Nyumba yake haikunyamaza. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alikuja kuwa mbunge wa Ganze, yaani wetu sisi wa Vitengeni, na waziri pia. Humu kwayani tunaliona jambo hilo kwa kiasi chetu: ndugu wa tumbo moja wawili au watatu kwenye mstari mmoja, wa kwanza akiwa ameshikwa mkono na mwalimu fulani, na wadogo wakipita mlango uleule.

Mwenye nakala ya kitabu cha mwaka 1949, hata kama imeliwa na mchwa kingoni, tunamwomba amwone katibu baada ya ibada. Tunataka vijana wakisome kabla ya mazoezi ya Jumamosi, na tutakirudisha salama.