Baden-Powell: Mwasisi wa Skauti na Mizani ya Mila na Mageuzi

Kila chama cha vijana hukabiliwa na swali moja lisilokwepeka: kipi kihifadhiwe na kipi kibadilishwe? Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wakanena pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Maisha ya Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti aliyezikwa Nyeri, yanatupa fursa ya kulitafakari swali hili. Sisi tuliolelewa Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, tulivaa skafu zake shuleni kabla hatujasimuliwa kwamba babu zetu nao walikuwa na mpango wao wa kuwalea vijana, yaani egesarate.

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, profesa wa jiometria katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka wa 1860 na kumwachia mjane mzigo wa malezi. Katika shule ya Charterhouse, kijana huyu hakuvuma kwa masomo. Alipenda kutorokea msitu wa jirani, huko akinyatia wanyama na kuwakwepa walimu. Alipokosa nafasi Oxford alijiunga na jeshi mwaka wa 1876, akapelekwa India.

Jeshi ndilo lililomfikisha Afrika. Mnamo 1888 alikuwa katika vita dhidi ya Wazulu wa Dinuzulu. Mwaka wa 1896 alishiriki kampeni ya Ashanti na ile ya Matabele. Huko alinoa ujuzi wa upelelezi: kusoma nyayo, kutembea gizani, kuishi porini kwa kidogo alichonacho. Wengi wanaomsifu hukomea hapo. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 1896 chifu Uwini, aliyekuwa mateka wake, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi kwa idhini yake. Uchunguzi ulifanywa, naye akaondolewa lawama. Msomaji makini hana budi kuyashika yote mawili: mtu aliyejifunza mengi Afrika, na mtu aliyeimwaga damu yake.

Umaarufu ulimjia Mafeking, Afrika Kusini, alikozingirwa na Makaburu kwa siku 217 hadi Mei 1900. Humo wavulana walipewa sare na kazi za utarishi, nao wakazitenda kwa uaminifu uliowashangaza watu wazima. Aliporudi Uingereza alikuta kitabu chake cha upelelezi, alichowaandikia wanajeshi, kikisomwa na watoto. Mnamo Agosti 1907 aliwakusanya wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, wana wa matajiri pamoja na wana wa wafanyakazi, akawaamsha kwa baragumu la pembe ya tandala aliyotoka nayo Matabele. Januari 1908 kitabu chake cha skauti kilianza kuchapishwa kwa sehemu. Mwezi huohuo, katika nchi ya Abagusii, kijana Otenyo alimchoma mkuki afisa wa Kiingereza, Northcote, na majeshi yakaletwa kuwaadhibu watu wetu.

Sadfa hiyo inafaa kuzingatiwa. Katika egesarate, vijana wa kiume ambao hawajaoa waliishi pamoja kwenye kambi za ng'ombe, wakilinda mifugo dhidi ya wavamizi na kujifunza ujasiri na utiifu. Skauti ilibisha hodi Kenya mwaka wa 1910. Mwanzoni mwa miaka hiyohiyo ya 1910, serikali ya kikoloni ilizivunja kambi za egesarate. Moto wa vijana wetu ulizimwa na moto mwingine ukawashwa, huku huo mpya ukiwa umekopa kuni zake Afrika.

Baden-Powell mwenyewe hakuogopa mageuzi. Wasichana walipojitokeza bila mwaliko katika mkutano wa Crystal Palace, London, mwaka wa 1909, hakuwaingiza katika kundi la wavulana, lakini hakuwafukuza: mwaka uliofuata waliundiwa chama chao cha Girl Guides. Mnamo 1919 alichukua shanga za mti kutoka mkufu unaonasibishwa na Dinuzulu, akazifanya nishani ya viongozi waliohitimu mafunzo. Kitu kikongwe kilipewa maana mpya.

Palipohitaji ushupavu zaidi, mizani yake iliyumba. Sheria ya nne ya skauti ilimtaja kila skauti kuwa ndugu wa mwenzake. Vijana Waafrika waliisoma sheria hiyo kwa dhati. Afrika Kusini ilikataa kuwapokea, nao wakatengewa chama cha Pathfinders. Baden-Powell alipozuru huko mwaka wa 1936, suluhu iliyopatikana iliwatambua kama skauti, lakini katika tawi la kando. Desturi ya ubaguzi ilihifadhiwa, na sheria ya udugu ikapindwa ili iitoshee.

Mnamo 1938, akiwa mzee mwenye afya dhaifu, alihamia Nyeri pamoja na mkewe Olave, katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu. Alifariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ambayo skauti huichora njiani kuonyesha kwamba safari imekwisha na mwenyewe amerudi nyumbani. Majivu ya Olave yalizikwa papo hapo baada ya kifo chake mwaka wa 1977.

Chama alichokiacha kimeendelea kubadilika. Nchini Kenya leo wasichana na wavulana huvaa skafu pamoja. Egesarate haikupata bahati hiyo. Haikuwa kamilifu: ilihusiana na uporaji wa mifugo, na wasichana hawakuwa na nafasi ya usawa humo. Lakini waliokuwa ndani yake hawakuachiwa wapime wenyewe lipi la kutupa na lipi la kubakiza. Hapo ndipo penye funzo kwa vyama vyetu vya wanafunzi, vikiwemo vya Kiswahili. Kila kizazi kina haki ya kuirekebisha mila kilichoirithi, mradi mizani iwe mikononi mwa wenye chama, na kila wanachokiazima kitajwe kilikotoka.