Askofu Steere wa Mkunazini

Tukivuka kwenda Unguja huingia kanisa la Mkunazini pamoja na watalii. Tumkumbuke aliyelijenga.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa kasisi. Alifika Unguja mwaka 1864, akajifunza Kiswahili hata akakitungia kitabu cha sarufi. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kanisa likaanza kujengwa papo hapo; naye akawekwa kuwa askofu mwaka 1874.

Husimuliwa kwamba alipokuwa safarini mafundi walisimamisha nguzo kichwa chini. Zipo hivyo hata leo, na wageni huzicheka. Alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare, palepale walipouzwa watu. Basi mgeni akiuliza nguzo, tumwonyeshe na kaburi.