Luis Alvarez: Mwanafizikia aliyetafuta kilichowaua dinosaria

Luis Alvarez alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka 1911. Mwaka 1968 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, lakini wengi wanamkumbuka kwa sababu ya udongo.

Udongo huo aliletewa na mwanawe Walter, mtaalamu wa miamba, kutoka Gubbio, Italia. Ulikuwa wa tabaka jembamba lililojengeka miaka milioni 66 hivi iliyopita, dinosaria walipotoweka. Wakishirikiana na wanakemia Frank Asaro na Helen Michel, waligundua una iridiamu nyingi, metali iliyo adimu ardhini lakini nyingi zaidi kwenye vimondo. Mwaka 1980 walitoa hoja yao: kimondo chenye upana wa kilomita 10 hivi kiligonga dunia, vumbi likaziba jua, mimea ikafa na wanyama wakakosa chakula.

Wapinzani wakauliza, shimo liko wapi? Wengine walitaja volkano za India. Alvarez alifariki mwaka 1988 kabla swali halijajibiwa. Miaka mitatu baadaye, wanasayansi walitangaza kwamba shimo hilo liko Chicxulub, Mexico, na lina upana wa kilomita 180 hivi. Mchango wa volkano bado unajadiliwa.