Rudolf Diesel na injini iliyowashwa kwa mafuta ya karanga

Kila siku tunalitaja jina lake, pengine bila kujua kuwa ni jina la mtu. Tunalitaja kwenye kituo cha mafuta, kwenye mashine ya kusaga, na pale umeme unapokatika jirani akawasha jenereta. Leo tunawaletea maisha ya Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake imo hadi sasa katika mjadala wa tungamotaka, yaani nishati itokanayo na mimea, mabaki ya mazao na samadi.

Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858, kwa wazazi Wajerumani. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, familia ilikimbilia London. Rudolf, mwenye umri wa miaka 12, akapelekwa kwa ndugu huko Augsburg, Ujerumani, ili aendelee na shule. Baadaye alisomea uhandisi Munich.

Zama hizo viwanda vilitegemea mvuke, na sehemu kubwa ya joto la makaa ya mawe ilipotea bure. Diesel akaja na wazo jingine. Ukijaza upepo kwenye tairi la baiskeli, pampu hupata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupanda joto. Ndani ya injini yake hewa hubanwa kiasi kwamba mafuta yakiingizwa huwaka yenyewe, bila cheche. Baada ya miaka kadhaa ya majaribio Augsburg, mwaka 1897 injini hiyo iligeuza takriban robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Mitambo ya mvuke haikuikaribia.

Mwaka 1900, kwenye Maonesho ya Dunia mjini Paris, kampuni ya Otto ilionesha injini ndogo ya dizeli ikitumia mafuta ya karanga. Ilikuwa imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, lakini ilifanya kazi vizuri bila kubadilishwa, hata watazamaji wengi hawakugundua. Wengine husimulia kuwa Diesel aliibuni injini yake kwa ajili ya karanga. Sivyo. Ila baadaye alifanya majaribio yake mwenyewe, na mwaka 1912 alieleza kuwa mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na umuhimu kama wa petroli.

Hapa ndipo habari hii inapotugusa. Serikali ya Ufaransa ilivutiwa na karanga kwa sababu zilistawi katika makoloni yake ya Afrika, na mitambo ya huko ingeendeshwa bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka mbali. Mkulima wa karanga hakuwa na sauti katika mpango huo.

Diesel hakuuona mwisho wa safari hiyo. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alitoweka kwenye meli Dresden, iliyokuwa ikitoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Mwili wake ulionekana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na madeni mengi, na wengi huamini alijiua, ingawa haikuthibitishwa.

Karibu miaka 100 baadaye, hapa Tanzania, wawekezaji walitafuta ardhi ya kupanda mbono kaburi, ambao mbegu zake hutoa mafuta ya injini. Huko Kisarawe vijiji vilitoa ardhi, kisha mradi ukasimama.

Mmea ukivunwa huweza kuota tena, ndiyo maana nishati hii huitwa jadidifu. Lakini haitakuwa hivyo iwapo msitu utafyekwa, au shamba la chakula likageuzwa la mafuta na familia ikabaki na njaa. Kwa hiyo mradi kama huo ukifika kijijini kwako, uliza kwenye mkutano wa kijiji: ardhi ni kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, na mradi ukifa inarudi kwa nani?