Sheikh Ali Muhsin na foleni za kura za 1961

MUSCAT – Sheikh Ali Muhsin Barwani alifariki hapa Muscat mwezi Machi 2006. Ilikuwa haijatimia hata miezi mitano tangu uchaguzi wa Oktoba 2005, ambapo Wapemba waishio Unguja walilalamika kuwa wamenyimwa kuandikishwa kwa sharti la ukaazi wa miezi 36. Kilio hicho marehemu alikijua zamani, na alikijua kwa pande zote mbili.

Alizaliwa Unguja 1919, akasomea kilimo Makerere, kisha akawa mhariri wa Mwongozi na kiongozi wa Hizbu (ZNP). Mwaka 1957, wanawake wakiwa bado hawana kura, alisimama Ng'ambo dhidi ya Abeid Amani Karume akaangushwa vibaya. Hizbu haikupata hata kiti kimoja.

Januari 1961 Afro-Shirazi ilipata viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3. Chake Chake iliamuliwa kwa kura moja. Moja tu, ndugu msomaji! ZPPP ikagawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, ikabidi watu warudi masandukuni.

Tarehe 1 Juni damu ilimwagika kuanzia kwenye foleni. Afro-Shirazi walidai Hizbu inaingiza wasiostahili na wanaopiga kura mara mbili, wakajaribu kuwazuia. Hizbu wakadai watu wao wananyang'anywa haki kwa nguvu. Ugomvi ukatoka vituoni ukaingia mashamba, na waliouawa walikuwa 68, wengi mno wao Waarabu, wakiwemo Wamanga wenye vijiduka ambao siasa hawakuijua.

Mwaka 1963 Afro-Shirazi ilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Hizbu na ZPPP wakaunda serikali, na Sheikh Ali akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Sisi tunaomheshimu marehemu hatuna budi kukiri kuwa safari hii wenye haki ya kunung'unika walikuwa wenzake.

Yakaja Mapinduzi ya 1964, jela za Bara kwa miaka kumi, kutoroka, na ughaibuni, ambako aliifasiri Qur'ani kwa Kiswahili.

Nasi tuliobaki hapa Muscat, siku ya uchaguzi wa kwetu hatuna kituo wala foleni. Tunakesha na simu mkononi, tukiuliza Ng'ambo wamefika wapi.