Berthold: Daktari aliyefichua siri ya jogoo mgomvi

Kila nivukapo Namanga na tenga la kuku, majogoo hudonoana hadi damu. Mwaka jana wawili walinifia njiani, na faida yote ikaishia hapo. Ndipo nilipomjua Arnold Adolph Berthold.

Alizaliwa mwaka 1803 mjini Soest, Ujerumani, akawa daktari na profesa mjini Göttingen. Mwaka 1849 alichapisha jaribio la majogoo wachanga sita. Wawili aliwahasi kabisa; upanga wao haukukua, wakawa wapole. Wanne aliwaachia korodani moja tumboni, iliyokatwa ilikoshikilia. Wawili kati yao walipewa ya mwenzake. Hao waliwika, wakapigana na kufukuza mitetea.

Kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikatwa, Berthold alitambua kwamba ujumbe hupitia kwenye damu. Alifariki mwaka 1861. Neno homoni lilikuja mwaka 1905, na testosteroni ikapatikana mwaka 1935.

Leo inajulikana kwamba kwa wanyama wengi ushindani nao hupandisha homoni hiyo. Kwa hiyo, wafanyabiashara wenzangu, msiwachanganye majogoo wageni tengani. Mimi sasa kila mmoja ana tenga lake.