Elspeth Huxley: Manzi wa Njoro aliyeandika pande zote mbili

Wasee wa Nakuru, mlijua mwandishi huyu alikulia hapo tu Njoro? Elspeth Huxley alizaliwa London 1907, akaletwa Thika akiwa mtoi, kisha wazazi wake wakahamia Njoro kulima.

1935 alitoa kitabu cha kumpa sifa Lord Delamere, mlowezi aliyekuwa na mashamba makubwa Bonde la Ufa. Kumbe 1939 akageuza kalamu! Riwaya yake Red Strangers inaonyesha ujio wa wazungu kwa macho ya Wakikuyu.

Baadaye akawa mtangazaji BBC. The Flame Trees of Thika (1959) ikampa jina kubwa, na 1981 ikaonyeshwa kwa TV.

Alifariki Uingereza 1997. Lakini ile stori ya mashamba, manze, bado ni moto.